Radi mlimani: tawanyikeni kwanza, halafu mkimbilieni aliyenyamaza

Sufuria za mpishi ndizo zilizoanza kulia. Zilikuwa tatu, zimefungwa kamba juu ya mzigo wa mgumu (ndivyo tunavyowaita wapagazi wa mlimani) aliyekuwa mbele yangu, zikitoa mlio mwembamba kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Mgumu mwenyewe alidhani ni simu yake. Akapapasa mfuko, akaitazama, akairudisha, akaendelea kupanda. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka kumi na moja Kilimanjaro, minne nimebeba mizigo na saba nikiwa gaidi (ndivyo tunavyoitwa Moshi sisi tunaoongoza wageni, usishtuke), na sikujua mlio ule maana yake nini.

Ilikuwa Novemba, vuli imekolea, saa saba na robo mchana. Tulikuwa tunamalizia kupanda kwenda Lava Tower, ule mwamba wa volkano uliosimama peke yake upande wa magharibi wa Kibo, kwenye mita 4,600 hivi. Wageni sita, wagumu watano wa chakula cha mchana, mpishi, msaidizi wangu na mimi. Vidonge vya barafu vikaanza kutudunda, vyeupe na vidogo kama mchele. Nikawaonea watu huruma. Nikapaza sauti: "Ingieni mwambani msilowe!" Wakaingia wote, mabega kwa mabega, migongo imeegemea jiwe lililolowa.

Radi yenyewe siikumbuki. Nakumbuka harufu kama ya karakana ya kuchomelea vyuma, na kwamba nilikuwa chini, natazama buti zangu mwenyewe. Mgumu mmoja alikuwa anapiga kelele: "Miguu yangu haipo! Jamani, miguu yangu haipo!" Tukamkimbilia, kila aliyeweza kusimama, maana anayelia ndiye anayekuita. Hatua chache pembeni kulikuwa na kijana wa miaka ishirini na mbili amekaa kimya, kofia ya koti imemfunika macho, kama abiria aliyepitiwa na usingizi kwenye basi. Mpishi peke yake ndiye aliyemwendea. Akaweka shavu karibu na pua yake, akageuka akasema bila hata kupaza sauti: "Huyu hapumui."

Nitamrudia kijana huyo. Haya ninayoandika ni kwa magaidi wadogo zangu, kwa wagumu, na kwa Watanzania wenzangu mnaopanda kwa makundi kila mwaka kuelekea 9 Desemba mkaone jua la Uhuru likichomoza kileleni. Tarehe hiyo ni nzuri kwa picha. Kwa radi ni mbaya, kwa sababu vuli huwa bado haijaaga.

Mlima una ratiba yake, ifuate

Asubuhi Kibo huwa wazi mpaka unaweza kuhesabu mikunjo ya barafu. Jua likipanda, msitu wa chini unaanza kupumua mvuke. Kufikia saa nne au saa tano utaona wingu linapanda kutoka upande wa Machame na Umbwe, jeupe, halina neno. Kuanzia saa sita linasimama wima, kichwa chake kinavimba kama ua la koliflawa na tumbo lake linakuwa jeusi. Kati ya saa saba na saa kumi ndiyo zamu ya ngurumo. Jioni mara nyingi kunatulia, mnakula popkoni na chai mbingu ikiwa safi kama hakuna kilichotokea.

Sasa angalia ratiba yetu sisi. Tunaamsha wageni saa moja, wananawa, wanakula uji na mayai, wanatafuta miwani ya jua, tunaondoka kambi ya Shira saa mbili na nusu. Ukitembea pole pole kama inavyotakiwa, utafika Lava Tower saa saba. Yaani tunawapeleka watu kwenye jiwe refu kuliko yote ya eneo lile, saa ile ile radi inaporipoti kazini, halafu tunawakalisha chini wale chakula saa nzima.

Dawa yake haina gharama. Siku ya Lava Tower mimi sasa naondoa watu kambini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa tano tuko juu. Robo saa ya picha na maji, kisha tunashuka kambi ya Barranco na chakula cha moto tunakula huko. Wageni hulalamika kuamshwa gizani. Waache walalamike. Na kama saa nne tumbo la wingu limeshakuwa jeusi, siendi juu kabisa. Pale njia panda nashika njia ya chini wanayopita wagumu, moja kwa moja Barranco. Kanuni ya "panda juu, lala chini" naiheshimu, lakini mgeni aliyekosa mita mia chache za kuzoesha mwili unaweza kumfidia kwa kumpandisha kidogo jioni au kuongeza usiku mmoja kambi ya Karanga.

Usiku wa kileleni ratiba iko upande wetu bila sisi kujua. Kuondoka kambi ya Barafu saa sita usiku kunakufikisha juu na mapambazuko na kukurudisha chini ngurumo hazijaanza. Tatizo ni wale wanaochelewa, anayefika Stella Point, ukingoni mwa kreta, saa nne asubuhi na bado anataka kilele cha Uhuru kwa sababu amelipia. Huyo nenda naye ukitazama mawingu kuliko unavyotazama saa.

Wala usijidanganye na kiangazi. Ian McKeever, mpanda milima wa Ireland aliyekuwa amepanda vilele virefu vya mabara yote saba, alikufa kwa radi hapa hapa Kilimanjaro tarehe 2 Januari 2013 akiwa anaongoza kundi. Januari, mwezi tunaowauzia wageni kuwa ni mkavu.

Kuhesabu

Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie mngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikifika thelathini au pungufu, radi iko ndani ya kilomita kumi na tayari inaweza kukufikia. Usisubiri ikaribie zaidi. Baada ya mngurumo wa mwisho, kaeni mlipo nusu saa nzima, na kila ngurumo mpya inaanzisha nusu saa upya. Najua nusu saa kwenye baridi ni ndefu. Weka saa ya simu ilie, usikisie, maana kila mtu aliyelowa hukisia kwamba nusu saa imepita baada ya dakika kumi na mbili.

Ila kuna mambo mawili. Upepo ukivuma kutoka kwako kwenda kwenye wingu hutasikia ngurumo vizuri, na makorongo ya Barranco yanarudisha mwangwi mpaka hujui umetoka wapi. Ukiwa na shaka, hesabu kwamba iko karibu. La pili ni zile sufuria. Fimbo, sufuria, nguzo za hema zikianza kuvuma, nywele zikisimama, ngozi ya uso ikawasha kama umepita kwenye utando wa buibui, au usiku ukaona mwanga wa samawati kwenye ncha ya fimbo: hakuna tena cha kuhesabu. Umeme wa ardhini unapanda kupitia kwako kwenda kulitafuta wingu. Una sekunde, pengine chache kuliko unavyohitaji kulimaliza neno "shukeni".

Ikiwakuta njiani

Mlimani tunafundishwa tangu siku ya kwanza kukaa pamoja. Tunaimba pamoja, tunakula pamoja, hakuna anayeachwa nyuma. Radi ndiyo hali pekee ninayoijua mlimani ambapo tabia hiyo njema inaua. Kumi na wawili wakikumbatiana chini ya jiwe ni mtu mmoja mkubwa mwenye mioyo kumi na miwili.

Kwa hiyo amri ya kwanza ni kushuka: toka kileleni, toka mgongoni mwa mlima, toka karibu na chochote kilichosimama peke yake. Hata kushuka mita hamsini upande wa bonde kunakutoa kwenye nafasi ya kuwa mrefu kuliko wote. Amri ya pili ni kutawanyika, hatua ishirini kati ya mtu na mtu, lakini kila mmoja amwone wa mbele yake na wa nyuma yake. Kabla hamjatawanyika hesabuni watu kwa sauti. Ukungu wa Kilimanjaro unaweza kukunyang'anya mgeni katika muda wa kufunga kamba ya kiatu. Filimbi ifanye kazi yake: mlio mmoja "nipo", mitatu "njooni".

Wagumu, ninyi sikilizeni zaidi. Mzigo wa kilo ishirini kichwani unakuongezea urefu, na ndani yake kuna meza za alumini, nguzo za hema ya kulia chakula, mtungi wa gesi. Chuma hakiiti radi kutoka mbali kama watu wanavyodhani. Radi inatafuta kirefu, chenye ncha, kilichojitenga. Lakini ikishapiga, chuma kinaipitisha vizuri na kinakuunguza kilipogusa ngozi. Tua mzigo, uulaze chini, sogea hatua ishirini. Hakuna mwizi kwenye radi. Fimbo za kutembelea mtupe pia, na zile za kaboni msizionee huruma kwa sababu si chuma. Kaboni inapitisha umeme.

Baada ya hapo, ndiyo kuchuchumaa. Kalia vidole vya miguu, miguu imegusana, kichwa chini, mikono imeziba masikio, ukiweza juu ya godoro jembamba la sponji au begi lisilo na fremu ya chuma. Nitakuambia ukweli kuhusu mkao huu: haukufanyi kuwa salama. Idara ya hali ya hewa ya Marekani iliacha kuufundisha kama kinga kwa sababu watu walichuchumaa badala ya kuondoka. Ni cha mwisho, pale ambapo miguu haina tena pa kwenda. Faida yake iko kwenye ardhi. Radi ikipiga jirani, umeme unasambaa chini kwa chini, na kila hatua unapoachana na pale ilipopiga nguvu yake inapungua. Mguu mmoja ukiwa karibu na mwingine mbali, tofauti hiyo inausukuma umeme upande mguu huu, upite tumboni, ushuke kwa ule. Ndiyo maana mara nyingine radi inaua ng'ombe zizi zima na mchungaji anabaki amesimama: ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana mno. Radi nyingi zinazoua watu nje zinaua kwa njia hiyo ya ardhini, wala si kwa kumshukia mtu utosini. Basi usilale chali. Ukilala umejifanya ng'ombe.

Mahali panapodanganya

Jiwe lililochomoza kama paa ndilo la kwanza, nami nimeshalipa ada ya somo hilo. Umeme unashuka na uso wa mwamba, hasa ukiwa umelowa, ukifika mdomoni mwa kipango unaruka kutoka dari hadi sakafu. Wewe ndiye daraja. Pango refu unaloweza kuingia ndani kabisa bila kugusa ukuta ni jambo jingine, lakini mengi tunayoyaita mapango huku juu yana kina cha kumficha mbuzi.

Hema. Nguzo zake zinaingia ardhini na wewe uko katikati. Kama mko kambini na hakuna pengine, kaa katikati juu ya godoro, usiguse nguzo, na hema kubwa la kulia chakula lenye nguzo za chuma lihameni, hata kama supu iko mezani. Barranco pia ile mitisenesio mikubwa, mizuri kwa picha, mingine imezidi kimo cha mtu mara tatu. Usisimame chini yake. Maji yanayotiririka korongoni ni njia ya umeme na pia ni njia ya mafuriko.

Minyororo na ngazi za chuma nazo. Sisi Kilimanjaro hatuna nyingi, ila ukienda Mlima Kenya utakuta vyuma vimepigiliwa mwambani karibu na Point Lenana, mita 4,985. Mgeni mmoja wa Poland alinisimulia Karanga jioni moja habari za Giewont, mlima wa kwao wa mita 1,894 tu, yaani chini ya geti zetu nyingine. Juu yake kuna msalaba wa chuma wa mita kumi na tano na njia ya mwisho ina minyororo ya kushikilia. Tarehe 22 Agosti 2019 asubuhi ilikuwa nzuri, watu wengi wakapanda. Radi ikapiga, ikatembea na minyororo. Wanne walikufa upande wa Poland siku hiyo, wawili wakiwa watoto, na majeruhi walizidi mia. Ukishika chuma kirefu kilichofungwa mwambani, umeme uliopiga mbali na wewe unakufikia kama barua.

Pa kukimbilia penyewe pa kweli ni pawili: jengo kubwa lenye kuta, paa na nyaya au mabomba yanayoupeleka umeme ardhini, au gari lenye bodi ya chuma, vioo vimefungwa, mikono mapajani. Mlimani vyote viwili ni adimu. Ndiyo maana nimeandika habari za saa kwa urefu kuliko habari za kuchuchumaa.

Nguo nyekundu

Bibi yangu Machame alikuwa akifunika kioo cha ukutani kwa kanga mvua ikinguruma, na mtu mwenye nguo nyekundu alifukuzwa mlangoni. Hilo la nyekundu bado lipo. Nimeona mgumu akivua koti zuri jekundu la kuzuia maji katikati ya mvua ya barafu na kubaki na sweta. Radi haimjui nani kavaa rangi gani. Baridi inamjua aliyelowa. Vaa koti.

Lipo jingine zito zaidi, la radi ya kutumwa, utani ambao Sumbawanga wamebebeshwa miaka yote. Siwezi kumzuia mtu kuamini. Ninachokataa ni ile tabia inayofuata, ya kumwogopa aliyepigwa: asiguswe, ana umeme, ana laana. Waya wa TANESCO ukimwangukia mtu, kweli usimguse mpaka umeme ukatwe, kwa sababu bado unapita. Radi haiko hivyo. Imekuja na kuondoka kwa muda mfupi kuliko kukonyeza. Mwili wa aliyepigwa hauna kitu. Mshike sasa hivi.

Aliyenyamaza

Ajali ya gari tumezoea kuangalia nani ana nafuu ya kupona, na aliyeonekana amekufa tunamwacha mwisho. Radi inageuza foleni hiyo. Anayepiga kelele anapumua. Kwa kawaida atapona. Aliyenyamaza ndiye wa kwanza.

Sababu ni hii. Umeme wa radi unausimamisha moyo wote kwa pamoja, na moyo una kawaida ya kujiwasha wenyewe kama jenereta yenye betri yake. Sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi nayo imezimika, ila hiyo inachelewa zaidi kuamka. Moyo unarudi, hewa haiji, baada ya dakika chache moyo unasimama mara ya pili kwa kukosa hewa, na safari hii haurudi. Wewe unaingia katikati ya hapo.

Mpishi wetu alikuwa amehudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza mjini Moshi mwezi mmoja kabla, tena kwa kulazimishwa. Alimlaza kijana chali, akainua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, akaweka vidole viwili shingoni. Mapigo yalikuwepo. Akabana pua, akapuliza mdomoni mpaka kifua kikainuka, akahesabu hadi sita, akapuliza tena. Ndiyo kazi nzima: pumzi moja kila sekunde sita, na kila dakika mbili unahakikisha mapigo bado yapo. Mimi nilifika nikapiga magoti upande wa pili, nikamwambia, "Kaka, mboni zimepanuka, hazichezi na mwanga, ameshakwenda huyu." Hakunijibu, alikuwa anahesabu. Baadaye nilijifunza kwamba mboni baada ya radi hazisemi ukweli. Zinaweza kukodoka na mtu yu hai.

Kama mapigo hayapo, basi ni kukandamiza kifua: katikati ya kifua, mikono imenyooka, chini sentimita tano, mara mia hadi mia na ishirini kwa dakika. Mara thelathini, kisha pumzi mbili. Kwenye mita 4,600 utaishiwa pumzi kabla hujafika dakika ya pili, kwa hiyo badilishaneni bila aibu. Kama kundi lina mashine ya kushtua moyo, iletwe upesi, inasema yenyewe la kufanya.

Kijana alikohoa. Sijui ni baada ya dakika ngapi kwa sababu hakuna aliyetazama saa, na hilo pia ni kosa. Mmoja wenu apewe kazi ya kuandika saa. Leo ana duka la vipuri vya bodaboda na ukimwita upande wa kushoto hakusikii, ngoma ya sikio ilipasuka. Yule aliyelia miguu haipo? Miguu yake ilikuwa ya baridi, imebadilika rangi, haina hisia kabisa, na sisi tulishaanza kupanga nani ataibeba machela. Baada ya kama saa mbili ikarudi yenyewe, akashuka Barranco kwa miguu yake akiwa amebeba begi la mgeni. Ulemavu wa aina hiyo, wa saa chache, ni wa kawaida kwa radi. Mfunike, mtulize, usimwahidi kitu, usimtangazie kilema.

Angalia pia shingo na mgongo, kwa kuwa radi inamrusha mtu, na palipoguswa na mkufu, saa au zipu. Ukiona ngozini michoro kama matawi ya mti, usiipake chochote, itafutika.

Mnaokuja na machela

Tulipokuwa tumemzunguka kijana, watu saba tumeinama juu yake, radi ya pili ilipiga ule mgongo wa mlima ulio nyuma yetu. Ingepiga pale tulipo, hakuna ambaye angebaki wa kupuliza. Usemi kwamba haipigi mahali pamoja mara mbili ni wa watu wasiokaa karibu na mnara wa simu.

Kwa mgonjwa abaki mtu mmoja, wawili kama mnakandamiza kifua. Wengine warudi hatua ishirini wasubiri zamu zao. Kama hapumui na mko wazi kabisa, msogezeni kwanza bondeni kisha endeleeni. Sekunde ishirini za kumkokota si hasara kubwa kuliko kupigwa wote.

Timu inayopanda kutoka chini ina uamuzi mgumu zaidi, kwa sababu imeitwa na sauti ya kulia kwenye redio. Mkuu wa timu aulize mambo matatu kabla ya mtu kufunga buti: ngurumo ya mwisho ilikuwa saa ngapi, nani hapumui, na je, wanaweza kushuka wao kidogo. Ile nusu saa inawahusu na waokoaji. Mkisubiri, subirini penye gari au bondeni, mizigo imefungwa tayari. Mkipanda, pandeni mmoja mmoja kwa nafasi, kwa njia ya bonde hata kama ni ndefu. Machela yetu ya tairi moja ni chuma kitupu. Ngurumo zikiwarudia mkiwa njiani, ishusheni mahali pa chini, mwekeni mgonjwa juu ya magodoro nje ya machela, abaki mmoja naye, wengine watawanyike. Mtajihisi mnamtelekeza. Mnambakishia watu wa kumbeba.

Toka Lava Tower uokoaji mara nyingi unarudi Shira, ambako gari linafika. Kumbukeni lakini kwamba uwanda wa Shira ni tambarare na kila aliyesimama pale ni mlingoti. Kama wingu bado lipo juu ya uwanda na mgonjwa anapumua, mimi nangoja bondeni. Helikopta isiingie kwenye hesabu zenu; ndani ya wingu la radi hairuki, na rubani anayekubali kuruka humo simtaki.

Na kila aliyeangushwa, hata anayecheka na kuomba chai, ashuke akapimwe moyo, masikio na macho. Yule wa miguu aligoma. Alisema yeye mzima, na akienda hospitali siku hiyo atakosa bakshishi ya siku ya mwisho. Ilibidi nimwandikie kwenye karatasi ya boksi la majani ya chai kwamba fungu lake nitamshikia mimi, nikatia sahihi, msaidizi wangu akatia sahihi kama shahidi, ndipo akakubali kwenda KCMC. Aliikunja karatasi akaitia kwenye soksi.